Maneno Matatu na Kifungo Kimoja

Tangu asubuhi mfasiri alikuwa akivutana na maneno matatu ya Kiingereza, yote ya mambo ya kichwani. Kila moja aliliandika “wazo”, kisha akalifuta huku akisonya. Mama yake, aliyekuwa akimshonea kifungo cha shati bila kumvua, uvumilivu ukamwishia.

“Siku ulipomwona mkeo, ghafla ukajiambia umsalimie: hilo ni wazo. Ukakaa mwaka mzima ukipima uanzeje: hiyo ni fikra.”

Mfasiri akaandika mbiombio, uso umemkunjuka. “Na hili la tatu, mama?”

“Liite dhana. Kama hii yako, kwamba shati hili bado linakutosha.”

Jikoni mkewe akaangua kicheko. Mfasiri naye akacheka mpaka kifungo kikaruka, kikatua juu ya kamusi.