Mistari Mitano ya Fomu

Baba yangu ni mwashi, na hakuna ngazi ya elimu ambayo hajaijengea ukuta: madarasa ya chekechea, maabara ya sekondari, hata maktaba ya chuo kikuu. Humo ndani kunafanyika nini baada ya yeye kuondoka, hilo ndilo lililomkereketa. Kila jioni, kabla hata hajanawa saruji, alikuwa ananiuliza.

"Hivi, mama, ukimaliza msingi, nani anaamua uende sekondari?"

"Mtihani wa taifa, baba."

"Na ukimaliza sekondari?"

"Mtihani mwingine. Ukifaulu unaongeza miaka miwili, halafu mtihani tena, ndipo chuo kikuu."

"Na anayeanguka katikati?"

"Anarudia, au anaenda chuo cha ufundi. Baba, nawe umezidi!"

Nina ulimi mkali, nakiri. Nilidhani ananipeleleza kama nasoma kweli.

Nilifaulu mtihani wa mwisho. Ikaja fomu ya kuomba chuo: mistari mitano ya kozi, "kwa mpangilio wa unavyozipenda", bila namba. Siku ya mwisho ya kuirudisha, malaria ikanilaza chali. Nikamtajia baba kozi nikiwa kitandani, naye akaziandika kwa herufi kubwa, akaipeleka fomu mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa udaktari wa mifugo, ambao nimeutaka tangu nikiwa na meno ya utoto. Ya tano, ya kujazia nafasi tu, utunzaji wa kumbukumbu.

Majibu yalipotoka, nikawa nimepangiwa utunzaji wa kumbukumbu.

Tulifika ofisi ya udahili siku ya mwisho ya marekebisho, saa tisa alasiri, na ofisi inafungwa saa kumi. Karani, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaitoa fomu yangu kwenye faili. Mifugo ilikuwa mstari wa chini kabisa.

"Baba! Umeanzia chini?"

"Sasa nianzie wapi?" Alishangaa kwa dhati. "Tofali la kwanza linakaa chini. Mimi sijawahi kuanza juu."

Karani alicheka hadi akavua miwani. Mimi hasira zilinipanda, nikageukia dirisha nisije nikamvunjia baba heshima mbele za watu.

"Mifugo imebaki nafasi moja," karani akasema. "Ila aliyekosea aandike barua, aeleze kosa lake na kutia sahihi. Kabla ya saa kumi."

Baba akashika kalamu. Aliandika polepole mno, akijifuta jasho kwa mkono wa shati, na mimi roho juu. Saa kumi kasoro dakika tano akaisukuma barua mezani. Karani akaisoma yote, akagonga muhuri. Nikapumua.

"Haya, mzee. Kuna swali?"

Nilisimama, nikijua tumemaliza. Baba hakusimama.

"Mtu aliyeishia darasa la nne," akasema, "akitaka kufika huku, anaanzia wapi?"

Siku zote alituambia alimaliza shule ya msingi. Karani alimtazama, akatazama saa, kisha akatoa karatasi nyeupe kwenye droo. "Sogea, mzee, nikuchoree."

Nikakumbuka nilivyokuwa namkatiza baba kila jioni, nikaona aibu hadi machozi yakanitoka. Nikavuta kiti, nikakaa kando yake. Alikuwa ameweka kidole kwenye mchoro.

"Na hapa napo," alimuuliza karani, "kuna mtihani?"