Jezi Iliyorudi Bila Uzi

Mzee Msabaha alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi, kazi aliyojifunza uzeeni baada ya mkewe Zuwena kufariki, gari jeupe la kamati ya maonyesho ya michezo liliposimama uani kwake, Zinga.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Safari hii mmefuata nini?"

Najim, ofisa wa kamati, akacheka peke yake. Nyuma yake alisimama mpiga picha.

"Tumekuja kurudisha, mzee wangu. Ile jezi yako."

Waliiazima kwa wiki mbili, watu waone alichovaa mzalendo wa kwanza kuwa nahodha, kisha kocha wa timu ya taifa. Ikakaa miaka sita. Alipofuatilia aliambiwa ipo kabatini. Aliporudi, mwenye funguo kahamishwa. Zuwena alikufa akiiulizia.

Najim akamkabidhi jezi ndani ya nailoni, na karatasi juu yake. "Saini hapa kwamba umepokea. Halafu tupige picha, wakubwa wanaitaka leo."

Mzee akainusa. "Mbona inanukia duka?"

"Tumeifua."

"Mmeifua mpaka kola ikarudi ujana?"

Jirani yake, Bi Tabia, aliyekuwa barazani akichambua kisamvu, akadakia: "Waulize sabuni gani, na mie nikaogee!"

Mzee hakucheka. Akaingiza mkono ndani ya jezi, mgongoni. Mwaka aliokuwa nahodha, timu ilipewa jezi zisizo na namba. Zuwena, mshona kofia, ndiye aliyeishona ile tano kwa mkono, tundu kwa tundu, kama kofia ya Idi. Uzi wake ulimkwaruza mgongo dakika tisini zote. Hii ilikuwa laini. Namba imebandikwa kwa pasi.

"Siyo hii."

"Mzee, rangi ileile, namba ileile. Jezi ni jezi."

"Ya mke wangu mmempa nani?"

Najim akatazama saa. "Saini kwanza, hayo tutafuatilia."

Mzee akajifuta machicha mikononi, akaivaa jezi ndani nje, akawapa mgongo. "Piga. Watu waone mlichoniletea."

Mpiga picha akashusha kamera. Najim akaichukua karatasi, akarudi garini bila kuaga.

Bi Tabia akanyoosha shingo kutoka barazani, akachungulia garini. "We Msabaha! Mbona anakusainia karatasi yako mwenyewe?"