Mbuzi Watatu wa Tadei

Jumatatu ya kwanza ya Juni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Otilia alichomoa chaja ukutani na kuzitazama taa za betri. Zote nne zilikuwa kijani. Betri ilikuwa imelala ndani, chini ya kitanda, imefunikwa blanketi, kwa sababu fundi Timoth alimwambia kuwa baridi ya Ufipa inakula umeme. Akaipachika kwenye baiskeli, akavaa kofia ya sufu na juu yake kofia ngumu, akatoka Kizwite kwenda sokoni mjini, alikokuwa na cherehani yake.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na hiyo ilikuwa wiki yake ya pili ya kumiliki baiskeli ya umeme. Wiki ya kwanza ilikuwa ya makosa. Siku moja aliiacha betri nje usiku kucha, akarudi nyumbani akikanyaga pedali kama mtu anayepanda ngazi. Siku nyingine baiskeli ilimponyoka ikaingia kwenye meza ya nyanya.

"Nilikuambia usivute mafuta kabla hujakaa, mama," alisema Timoth.

"Mafuta yapi? Si uliniuzia kwa sababu haili mafuta?"

"Ndivyo tunavyosema tu. Hili la umeme bado hatujalipatia jina."

Hakukata tamaa, maana hakuwa na njia nyingine ya kufika kazini isipokuwa miguu. Siku ya kumzika mumewe aliapa kutopanda tena kitu chochote chenye injini.

Mumewe, Adolfu, aligongwa na Tadei, mnunuzi wa mahindi. Tadei aliendesha lori lake mwenyewe kwa kuwa hakuwaamini madereva. Miaka mitatu kabla, akirudi kutoka Kasesya, alimkuta Adolfu kando ya barabara, kwenye kona ya mikaratusi, akisukuma baiskeli yenye gunia la ulezi, akamgonga, hakusimama. Kesho yake alikwenda kwenye ofisi moja ya mtaa kueleza sababu ya taa ya lori kuvunjika. Kitabuni ikaandikwa: mbuzi mmoja, mweusi, mwenyewe hajulikani. Mbuzi huyo hakuonekana. Aliyeonekana ni Adolfu, mtaroni, ulezi umemwagika juu yake na ndege wanaula. Kizwite nzima ilijua. Tadei alijua kuwa wanajua, nao waliendelea kumuuzia mahindi.

Jumatatu hiyo, kwenye kona ya mikaratusi, baiskeli ilizama kidogo upande wa nyuma. Otilia hakugeuka. Timoth alikuwa amemkataza kugeuka akiwa mwendoni.

"Nani huyo?"

"Mimi, Mama Rahel."

"Kaa katikati, Baba Rahel. Usiniyumbishe, bado najifunza."

Adolfu akakaa katikati ya keria. Alieleza kuwa wafu hawapandi pikipiki wala magari, kwa sababu mlio wa injini unawapeperusha kama unga. Miaka yote mitatu alikaa pale kwenye kona akisubiri chombo kinachopita kimya.

"Huko uliko wanakutunza?"

"Huko wanafuata maandishi. Kitabu kinasema mbuzi, basi wamenilaza zizini."

"Pamoja na mbuzi?"

"Pamoja na mbuzi. Baba na mama wako ng'ambo ya uzio. Wananipungia mkono tu."

Otilia alivuta mafuta mpaka mwisho.

Jioni betri ilikuwa na taa moja tu, akaipeleka kwa Timoth. Timoth aliipima, akakagua matairi, akauliza kama anabeba mzigo.

"Nambeba Baba Rahel."

"Marehemu?"

"Ndiye."

"Ana kilo ngapi?"

"Sabini na mbili, alipokufa."

"Basi betri haina ubovu, mama. Mwambie akifika mlimani ashuke."

Kesho yake Otilia alimpeleka Adolfu kwenye ofisi ile ya mtaa. Karani, binti aitwaye Jane, aliwaamkia wote wawili shikamoo, akawapa viti.

"Huyu ndiye aliyegongwa," alisema Otilia. "Futa hilo neno mbuzi, andika Adolfu."

Jane alisoma ukurasa mara mbili. "Siwezi kubadilisha kwa maneno ya aliyegongwa, mama. Aliyetoa taarifa ndiye anatakiwa aje, aseme kwa mdomo wake kuwa ni mtu." Kisha, kwa kuwa alikuwa mfanyakazi makini, akafunua kurasa nyingine. "Tena huyu Bwana Tadei ana mbuzi wengine wawili humu. Mmoja kwenye mteremko wa kwenda Matai, mwingine barabara ya Namanyere."

Otilia alichukua chaki yake ya kukatia nguo, akaandika sehemu hizo kwenye kiganja.

Kwa wiki mbili alijifunza baiskeli kuliko alivyowahi kujifunza kitu chochote. Alijua sasa kwamba upepo wa mbele unamaliza taa moja, kwamba kwenye mteremko unaachia mkono wa mafuta, na kwamba safari ya kwenda unakanyaga pedali ili umeme ubaki kwa safari ya kurudi, maana kurudi mtakuwa wawili. Jumamosi alikwenda njia ya Matai akamkuta Maganga, mfugaji mrefu, amekaa juu ya jiwe na fimbo yake. Alipompakia, njia nzima miguu yake ilikuwa ikiburuzika chini. Jumamosi iliyofuata, barabara ya Namanyere, alimchukua Silvana, mwanamke wa Kipili aliyekuwa akiuza migebuka mikavu. Alipanda na ndoo yake, na baiskeli ilinuka samaki siku tano.

"Wewe dada, mbona hunihurumii?" Silvana aliuliza njiani. "Wenzako wangelia wakiniona."

"Machozi nimeyaweka. Kwanza nikufikishe."

Kuanzia hapo wote watatu walikuwa wakisubiri kwenye kona ya mikaratusi, na Otilia aliwapeleka kwenye ghala la Tadei, mmoja mmoja, safari tatu, kabla ya kwenda kushona.

"Karibuni," alisema Tadei siku ya kwanza, akiwa kwenye mizani. "Adolfu, habari za siku?"

"Nzuri. Nimekuja kwa habari ya mbuzi."

"Mbuzi gani tena?"

"Mimi."

"Aa, hilo limeshaandikwa, ndugu yangu." Akaendelea kupima.

Wakakaa juu ya magunia. Wateja waliwasalimia na kuwazunguka. Siku ya pili, saa nne, Silvana alichungulia ndani ya gunia.

"Jamani, sisi si mbuzi? Mbuzi gani anakaa na mahindi bila kula?"

Walikula makavu, bila kusaga. Meno ya wafu hayachoki. Siku hiyo lilikwisha gunia moja, baada ya juma yakawa matatu kwa siku, Julai ilipoingia yakawa tisa. Otilia alisikia mtafuno huo kutoka ng'ambo ya barabara, alipokuwa na cherehani yake, na mshono wake ulinyooka kuliko miaka yote mitatu.

Wanajumuiya walimfuata baada ya misa. Mama Jumuiya akamwambia, "Otilia, msamehe mwenzako. Mahindi ni chakula cha watu."

"Nitamsamehe akishasema."

"Na asiposema?"

"Basi watakula."

Hata Fransiska, mke wa Tadei, alimsihi mumewe mezani. "Baba, sema hilo neno moja yaishe."

"Neno hilo ni kubwa kuliko ghala," alijibu Tadei, akamwomba chumvi.

Katikati ya Agosti, ghala likiwa limebaki na robo, Tadei alikwenda ofisini kwa miguu yake. Otilia alimwona akipita, akamwita Adolfu apande, wakafika kimya, wakasimama mlangoni. Adolfu alivua kofia.

"Nina malalamiko," Tadei alimwambia Jane. "Watu watatu wanamaliza mahindi yangu."

Jane alishika kalamu. "Watu?"

Tadei akaitazama kalamu.

"Naomba nielewe, Bwana Tadei, maana hapa naandika. Kama ni watu, nasahihisha mistari mitatu, unatia saini, na kitabu kinakwenda mbele, polisi, pamoja na wewe. Kisha hao watu wataulizwa kwa nini wanakula mali ya mtu, na watazuiwa. Kama ni mbuzi, ofisi haina la kufanya. Mwenye mahindi ajenge uzio."

Tadei aligeuka akamtazama Adolfu. Alimtazama kwa muda mrefu, uso, mabega, mikono iliyoshika kofia, kama mtu anayekagua mahindi kabla ya kuyanunua. Adolfu alisimama wima. Otilia aliona midomo ya Tadei ikifunguka.

"Ni mbuzi," alisema Tadei.

Jane aliweka kalamu chini. "Basi jenga uzio."

Tadei alijenga uzio wa mabanzi kuzunguka magunia yaliyobaki. Wafu waliupita bila kuugusa. Septemba ghala lilikuwa jeupe, unaweza kulifagia. Tadei alisafiri vijijini akanunua mahindi mengine, akalijaza tena, nao wakaanza upya kwenye gunia la kwanza. Suruali zake zikaanza kumpwaya, akampelekea Otilia azipunguze. Otilia alizipunguza vizuri, kwa vipimo. Kitabuni mistari mitatu ilibaki kama ilivyokuwa.

Jioni Otilia aliwarudisha kwenye kona mmoja mmoja, mapema, kwa sababu zizi lao hufungwa jua likiwa bado juu ya mikaratusi. Adolfu alikuwa wa mwisho siku zote. Alishuka taratibu ili baiskeli isiyumbe, akajipangusa pumba za mahindi kifuani.

"Umeshiba, Baba Rahel?"

"Bado."

"Basi kesho nitakuwahisha."