Watu wa Kwenye Matone

Swafiya alinyunyizia jani la mbuni maji aliyoyachanganya na gliserini ili matone yasimame bila kutiririka, akapiga goti mbele ya kamera, akafyatua flashi. Ilikuwa asubuhi moja ya mwaka 1991, mtaa wa Gisimenti, Kigali, katika studio yake ndogo iliyo nyuma ya baa. Jani lilitoka kwenye ua wa jirani. Kazi yenyewe ilitoka Kacyiru, kwenye Idara ya Kusifu Mazao, iliyotaka kalenda ya mwaka mpya ya kahawa tupu, kila mwezi na jani lake, kwa wino wa kijani peke yake, kwa sababu rangi nyingine zilikuwa zimekwenda vitani.

Tone la maji lina kiburi. Ukilipiga flashi linakurudishia flashi yako vile vile, doa jeupe katikati ya tumbo, na picha imeharibika. Swafiya aliyatarajia madoa hayo. Lakini alipoitoa picha kwenye dawa na kuitazama kwa kikuza, hakuona doa hata moja. Kila palipopaswa kuwa na doa palikuwa na mtu amesimama.

"Flashi iko karibu mno," alisema.

Akaisogeza kando. Watu nao wakasogea kando. Akaifunika kwa karatasi laini ya wachora ramani. Mwanga ukatulia, na watu wakaonekana vizuri zaidi, hata vifungo vya mashati. Akafunga kwenye lenzi kichujio cha kuua mng'ao, akakizungusha polepole, na watu wakageuka pamoja nacho mpaka wakampa mgongo. Ndipo alipoona kwamba wote walikuwa wamefungwa mikono nyuma kwa kamba. Swafiya aliudhika, maana kichujio kile alikiazima kwa maneno mengi.

Gaudiose, mchoma mishikaki wa pale baa, aliingia kuomba kiberiti. Akainama kwenye kikuza.

"Eh, dada! Huyu si kaka yangu? Iko na shati yake ya harusi."

"Ndiye kweli?"

"Ndiye. Amekonda sana."

Akachukua kiberiti, akafuta macho kwa upindo wa kitenge, akarudi kwenye mishikaki yake isije ikaungua.

Watu wale walichukuliwa Oktoba ya mwaka uliotangulia, malori ya askari yalipopita mitaani. Waliambiwa wanakwenda kujibu maswali mawili tu. Inaelekea maswali yalikuwa magumu, kwani mpaka sasa hakuna aliyemaliza kuyajibu. Sangwa, mume wa Swafiya, fundi cherehani, alikuwa mmoja wao. Swafiya alikwisha kumuulizia kila mahali penye lango na askari. Kote alijibiwa kwa heshima zote kwamba hayumo, hakuwahi kuwamo, na kwamba itakuwa vizuri asirudi tena kuuliza.

Basi kalenda akaisahau. Alipiga jani baada ya jani, akimtafuta Sangwa. Majirani walipanga foleni mlangoni, kila mmoja akaangalia, akamkuta wa kwake, akashukuru na kumwachia mwingine kikuza. Wa Swafiya hakuonekana. Alitaka kitu kimoja tu, apate cha kuwaonyesha wale waliosema hayumo, washindwe kusema tena. Akamkuta kwenye jani lililoliwa na wadudu, lile ambalo alitaka kulitupa. Sangwa alikuwa kwenye tone la pembeni kabisa, futi yake ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Swafiya alilia, wallahi, alilia mpaka picha ikalowa upya.

Kesho yake akapanda Kacyiru na picha zote. Mkurugenzi Libère alimkaribisha kiti, akaitazama ile ya Sangwa kwa makini ya mtu anayejua sanaa.

"Madamu, sisi tuliagiza kahawa."

"Huyu ni mume wangu, Mheshimiwa."

"Namwona. Lakini wamejaa mno. Mkulima akiitundika hii ukutani, kahawa ataiona wapi? Huu mng'ao umeshindwa kuuondoa?"

"Nimejaribu kila njia. Hawatoki."

"Si kitu. Tuna fundi hapa wa kupaka wino. Atawafuta mmoja mmoja."

Swafiya akamwambia wapakwe, sawa, lakini Mheshimiwa anajuana na wakubwa. Awapigie simu. Walisema Sangwa hayumo, na Sangwa huyu hapa.

Mkurugenzi Libère alikuwa mtu mwema, idara nzima ilimsifu kwa hilo. Akanyanyua simu, akazungumza Kifaransa kwa muda mrefu, katikati akicheka. Alipoiweka chini uso ulikuwa umechangamka.

"Hongera, madamu. Mambo yamekwisha. Picha ulipiga lini?"

"Jana."

"Wapi?"

"Studio kwangu, Gisimenti."

"Basi jana mumeo alikuwa Gisimenti, juu ya jani, mchana kweupe. Mtu aliye Gisimenti atakuwaje gerezani? Ameshaachiliwa. Wameandika hivyo sasa hivi, yeye na wenzake wote walio kwenye picha zako."

"Mheshimiwa, amefungwa mikono nyuma."

Libère akainamia kikuza mara nyingine, kwa kumheshimu.

"Amesimama mikono nyuma," akasema. "Hiyo ni adabu."

Swafiya alitoka pale kwa hasira. Alikuwa amewapelekea ushahidi watu wanaojua kuutumia. Tangu siku hiyo, Gaudiose na wengine walipokwenda kwenye malango waliambiwa kwa upole warudi nyumbani, ndugu zao wanawasubiri huko. Kalenda ikatoka kwa wakati. Matone yalikuwa safi, meupe, hayana mtu, na wote walioipata waliisifu idara kwa kazi nzuri.

Jumamosi moja, alfajiri, Viateur, mkuu wa seli, yaani kitongoji chao, aligonga mlango kuwatoa watu waende umuganda, kazi ya pamoja ya lazima.

"Sangwa atoke naye."

"Sangwa hayupo, Viateur. Unajua wazi kwamba hayupo."

"Mimi najua, mama. Lakini huko juu wamesema amerudi, na mwanaume aliye nyumbani anatoka umuganda." Akakuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya naye. "Beba na panga lake. Utafyeka pande mbili."

Walikwenda kwenye ukingo wa barabara, kwenye nyasi ndefu zilizolowa umande. Jua lilipochomoza, kila tone likapata mtu wake. Walikuwa wengi kuliko wa studio, kila unyasi na watu wake, mikono nyuma. Majirani waliwaona wote. Viateur alimwona mmoja waliyekuwa wakiimba naye kwaya, akamsalimia, kisha akapiga filimbi watu waanze.

Swafiya alimaliza upande wake, akahamia wa Sangwa. Alifyeka akiwa ameinama sana, uso karibu na nyasi, na alipofika katikati akamwona. Panga likasimama. Alifyeka kuuzunguka unyasi ule kwa mkono mwepesi, bila kuutikisa, mpaka ukabaki wenyewe katika uwanja mtupu, tone lake likining'inia kwenye ncha.

Jua lilipokuwa limepanda, Viateur alipita akikagua. Akatazama upande wa Swafiya, akasema ahsante. Akatazama upande wa pili, akaona unyasi.

"Mama," alisema, "mumeo hajamaliza."