Goti la Germain

Jumatatu daktari alisema: kidonda kisipoanza kufunga kufikia Ijumaa, atakata tena, juu ya goti. Mwanangu Germain ana miaka ishirini na sita. Lori lilimponda mguu, wakaukata chini ya goti. Mwenye goti huvaa mguu wa mbao na kurudi kazini. Asiye na goti hukaa.

Muuguzi Mélanie alinieleza la kufanya: funga mfuko wa plastiki kwenye kigutu, ingiza oksijeni polepole, saa moja na nusu kila siku. "Haiko muujiza, Maman. Inaweza kusaidia."

Mwaka huo, 1994, hospitali haikuwa na oksijeni hata ya kupumulia. Walehemu walikuwa nayo, na Germain ni mlehemu. Mwenzake Godefroid akatuletea chupa ya mwisho ya atelye, karakana yao, mtungi mzito wa chuma uliofungwa kwenye baisikeli.

Jumatano Mélanie aliona nyama nyekundu ukingoni mwa kidonda, dalili njema, ila hakijaanza kufunga. Sikuimba. Niliosha mfuko.

Alhamisi nilikwenda kuteka maji. Niliporudi, mdogo wangu Alphonsine na wenzake wa kikundi cha sala walikuwa wamezunguka kitanda. Germain amelala. Chupa nzima inang'aa mafuta.

"Tumeiombea, yaya," Alphonsine akasema. "Nilipakala mafuta ya upako hata mu kale kamudomo ka chupa, Mungu apitie mule."

Nikashika ufunguo wa chupa. Germain akashtuka usingizini.

"Mama, wacha! Nani aliweka mafuta?"

"Mama yako mudogo."

"Mafuta na oksijeni? Ukifungula, inawaka. Salle yote inawaka!"

"Nitapangusa na sabuni."

"Iko ndani, Mama. Kwa atelye, muntu wa mikono ya mafuta hagusi ile chupa."

"Kesho ni Ijumaa, Germain!"

"Najua." Akatazama vitanda vingine vya wodi, kumi na kimoja. "Muitoshe inje. Goti iko yangu. Salle iko ya bantu yote."

Nilitaka kuifungua hata hivyo. Nasema ukweli. Akanibana mkono mpaka nikaachia ufunguo.

Alphonsine alikuwa analia.

"Utalia inje," nikamwambia. "Shika huku."

Tukaitoa taratibu, tukailaza mbali na mbabula za makaa ambazo jamaa za wagonjwa walikuwa wakipikia. Kisha nikamtafuta Mélanie, nikamwambia amwarifu daktari kwamba hatuna tena cha kungojea, akate.