Namba Inayopita Chini ya Picha

"Sauti ipo, mwanangu. Picha ndiyo hamna," alisema Mama Flora, akiweka flashi juu ya meza ya Chediel. "Namsikia marehemu mume wangu akimbariki Flora, lakini tivii giza tupu. Na kesho ndugu wanakuja kumaliza msiba."

Chediel aliitambua flashi kabla hajaishika. Nyekundu, ya Anselm. Miaka kumi na moja harusi za Kiomboi zilipita kwenye kamera yake yeye, mpaka alipokuja huyu Anselm kutoka Dodoma. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Huyu alikuja mwenyeji akaugua. Hata Mama Flora, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimwita Anselm kwenye sendofu ya bintiye. Chediel alimwonea kijicho, na hakukitafutia jina lingine.

Alifungua kwenye kompyuta lile dirisha jeusi la maandishi matupu, akaandika amri ya kuuliza video imefungwa kwa namna gani. Mistari ikateremka. Kwenye mstari wa picha palikuwa na neno moja: hevc.

Video ilikuwa nzima. Anselm aliifunga kwa namna mpya, na tivii ya zamani haikujua kuifungua.

"Ameniharibia, siyo?" aliuliza mama.

Lo, swali tamu! Angejibu ndiyo, na kufika jioni sokoni pasingekuwa na habari nyingine. Lakini mama alikuwa amelisokota pindo la khanga mpaka vidole vimepauka.

"Hapana," alisema, na lilimuuma kulisema. "Ni nzima. Nitaigeuza iendane na tivii yako. Kaa, mama."

Kwanza aliitazama. Mzee alikuwa hai, kila mvi inaonekana. Chediel hajawahi kupiga picha safi hivyo, na roho ilimchoma. Chini ilikuwa inapita namba ya simu ya Anselm. Angeweza kuikata wakati wa kugeuza. Akajaribu, na uso wa Flora aliyepiga magoti chini ya mkono wa baba yake ukakatika nayo. Akairudisha.

Ilipokamilika, Mama Flora alitazama, akalia, akajifuta.

"Mdogo wake Flora anaolewa Desemba," alisema. "Hebu niandikie hiyo namba inayopita. Macho yangu hayaiwahi."

Chediel alichukua kalamu. Aliiandika yote kutoka kichwani, bila kutazama kioo cha kompyuta.