Mishale ya Mzee Urbano

Sokoni Muyinga walisema silaha za kale za Mzee Urbano, kule Gitega, zina wenyewe, na anayezigusa wanamfuata. Nimesoma hadi la sita tu, lakini neno lile halikunitoka, maana aliyezigusa kila siku alikuwa binti yangu Raissa. Kazi yake ilikuwa kupima kila silaha, kuandika namba na kilima ilikotoka, kisha kuifunga kikaratasi chenye namba hiyo.

Nikatoka Butihinda na rozari yangu. Nilimkuta Raissa mtaa wa Mushasha, hapo Gitega, ameketi sakafuni kwa mzee, mafungu ya mishale miguuni pake.

"Mama! Umekuja kufukuza mashetani?"

"Cheka tu. Vaa hii."

"Navaa. Wakija, nao nitawapa namba."

Mzee Urbano akacheka mlangoni. "Mama Raissa, vitu hivi havijaua hata kuku tangu enzi za babu yangu."

Roho ikatulia, nikakaa kumtazama binti yangu. Vikaratasi alivifunga kwa nyuzi za mgomba, kwa kuwa mzee hakutaka waya ukwaruze chuma. Raissa aliulainisha uzi mdomoni, kama tunavyofanya wote tukisuka vikapu, akaukaza shingoni mwa mshale. Ukilegea, anaurudisha mdomoni. Nikafurahi: mkono wa nyumbani huo. Pale alipofunga palikuwa na kitu cheusi kama lami iliyokauka. Mimi nikaona ni uchafu.

"Mama, ulimi umekufa ganzi."

"Kunywa maji."

Akatapika. Akashika kifua. Tulipanda pikipiki kwenda hospitali, yeye katikati, mimi nimemkumbatia kwa nyuma. Njiani nikasikia uzito wake umebadilika. Nikamwambia dereva aongeze mwendo, ingawa nilishajua.

Daktari alisema kilichomuua ni sumu ya wawindaji, kile cheusi kilichopakwa mishaleni. Mzee Urbano alilia kama mtoto: "Nilidhani ilishakufa na walioipaka."

Wenye watoto katika kazi hizi, waambieni:

Usitie mdomoni uzi, kalamu wala kidole.

Usile wala kunywa palipo na mishale.

Usikwangue kitu cheusi kwenye chuma.

Usishike mishale bila glavu, hata kama mwenyewe anaishika hivyo.

Usiguse bunduki ya kale kabla fundi hajahakikisha haina baruti ndani.

Ulimi ukifa ganzi, usingoje, na usipewe maji tu kama nilivyompa wangu.